Kuipa amplifaya sauti ya joto

Wapenzi wa muziki wakisema sauti "ya joto", wanamaanisha besi ya juu, kati ya hezi 100 na 300, imejaa kidogo, na makali ya juu yamelainika. Amplifaya za valvu (taa za kioo za zamani) hujulikana kwa sauti hiyo: huongeza harmoniki ya pili, yaani mwangwi wa noti wenye masafa mara mbili, na ukinzani wake upande wa spika ni mkubwa.

Huo ukinzani unaweza kuuiga. Zima amplifaya, kata waya chanya wa spika ya omu 8, unganisha hapo rezista ya omu 1, wati 10. Rezista moja kwa spika ya kushoto, moja kwa ya kulia. Besi ikivuma ovyo, koni (sehemu ya spika inayotikisika) haidhibitiwi vya kutosha: shuka hadi omu 0.47. Sauti ikipungua tu bila kubadilika, impidansi ya spika zako (ukinzani wake kwa kila masafa ya sauti) ni tambarare, haipandi wala kushuka. Hapo ondoa rezista, punguza trebo (sauti za juu) desibeli 2 kabla ya kugusa besi.