Kunguni wa geto: mkatie mlo asikue

Nyie mnaokaa mageto ya Ng'ong'ona huko jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kabla hujamwaga dawa ovyo jua kwanza huyu mdudu anakuaje. Kunguni anaishi kwa damu tu, na damu ina protini kibao ila vitamini B kiduchu, sasa anazitoa wapi? Ana bakteria wake mwilini, Wolbachia, ndo anamtengenezea, na mama anamrithisha mtoto kupitia yai. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waliwaua hao bakteria kwa antibiotiki, kunguni wakakua kwa kusuasua na mayai mengi hayakutotoa. (Usije ukameza antibiotiki eti uwakomeshe, utajiumiza bure.)

Sisi huku tunakata kwenye mlo, maana mtoto wa kunguni anajivua ngozi mara 5 na kila mara lazima anywe damu kwanza. Kwa hiyo vuta kitanda mbali na ukuta, miguu iweke kwenye makopo yenye maji ya sabuni, shuka na neti visiburuze chini. Toa chaga zote, mwagia maji yanayochemka kila mwanya na tundu la msumari, mashuka chemsha kabisa. Godoro kuanika tu juani haitoshi hata kwa jua letu hili la Dodoma, wanajificha kwenye mshono, pitisha brashi ngumu hapo taratibu. Baada ya wiki rudia, halafu wiki nyingine tena, mayai yaliyobaki yatakuwa yashatotoa.