Kokwa ya Fenesi Haianikwi

Kila msimu wa mafenesi Mombasa mambo ni yale yale, Likoni kwa Kisauni: watu wamekula fenesi, kokwa wameziosha vizuri, kisha wamezianika juani kwenye jamvi "zingoje mvua". Mvua ikinyesha wanazipanda, hazioti, halafu lawama anatupiwa aliyewauzia fenesi.

Jamani, hayo si mahindi. Kokwa ya fenesi huishi kwa maji yaliyo ndani yake. Ikikauka, kiini kimekufa, hata kama kwa nje bado inang'aa. Iminye: nzima ni nzito na imejaa, iliyokufa ganda lake jeupe la nje limepwaya na kubambuka kama karatasi. Zilizokwisha kuanikwa zichemsheni kwa chumvi mle, shambani hazina kazi tena.

Panda siku ile ile uliyopasua fenesi, au siku mbili tatu baadaye. Osha ule utelezi wote, loweka kokwa saa 24, kisha uilaze ubavu, kina cha sentimita 2 hadi 3. Ukilazimika kungoja, zifukie kwenye mchanga mbichi kivulini, na usipitishe mwezi mmoja. Baadhi huchelewa kuota hadi wiki 8, kwa hivyo wacheni kufukuafukua kila asubuhi kuchungulia!

Kosa la pili huwapata hata waliofaulu la kwanza. Mfenesi hutangulia kushusha mzizi mkuu, mrefu na mwepesi kukatika. Hamisha mche ukiwa na majani yasiyozidi 4. Wenye mche wa kimo cha goti kwenye kopo la rangi, mzizi umeshajizungusha humo chini. Mti huo utawasumbua. Mimi napendelea kokwa 3 zipandwe moja kwa moja shimoni, ubakishwe mche ulio na nguvu. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na kutoka mti hadi mti mita 10. Najua viwanja vya Mombasa ni vidogo, lakini mita 4 ni kujidanganya. Pahali panapotuama maji pia pasahau.

Mche ukitoa jani jipya, umeshika.

Wengine huniuliza kama jamaa za mfenesi hupandwa vivyo hivyo. La. Mshelisheli tunaoupika kwa tui kwa kawaida hauna kokwa. Chukua chipukizi la mzizini. Mforosadi hushika kwa kipande cha tawi. Mvule, ule wa milango na samani, una mbegu ndogo sana, na hizo ndizo unazoweza kuzikausha. Jamaa moja, wote wana utomvu mweupe, lakini kila mmoja na tabia yake.

Na mbao ya mfenesi, ile ya manjano, mchwa hauipendi. Mafundi wa fanicha watakuja kuutaka mti wenu ukizeeka; msiukate ungali unazaa.