Ndimu, chumvi na sarafu za kale: kabla hujasugua

Makasha ya zamani Lamu hayakosi riyali ya fedha yenye mwaka 1780, pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1299 Hijria (1882), au senti za kikoloni zenye tundu. Zikishafanya weusi, watu hukimbilia ndimu. Tafadhali usianze na ndimu.

Weusi au ukahawia uliotanda juu ya sarafu kwa kawaida si uchafu. Ni madini yenyewe yaliyobadilika taratibu kwa hewa, na utando huo huikinga sehemu ya chini. Anayejua sarafu huutazama kwanza. Ukiwa umeondolewa, bei hushuka hata kama maandishi yote yanasomeka. Uchafu unaweza kuutoa wakati wowote, lakini utando ukishatoka haurudi.

Ndimu, siki au ukwaju pamoja na chumvi ndiyo dawa mbaya kuliko zote, hasa kwetu pwani. Asidi huyeyusha utando kwa dakika chache, shaba ikabaki na wekundu mbichi. Kloridi ya chumvi nayo hujificha kwenye vitundu vidogo, na kuisuuza mara moja hakuitoi. Hewa yetu ikiwa na unyevu, kloridi, maji na oksijeni hutengeneza asidi upya, nayo huendelea kuila shaba. Dalili yake ni madoa ya unga wa kijani hafifu: ukiyagusa kwa kijiti cha meno hupukutika na kuacha kishimo. Kutu ya kijani ya kawaida huwa ngumu, imeshika. Sarafu yenye unga huo iweke mahali pakavu kabisa na uwaonyeshe watu wa makumbusho.

Shilingi za Afrika Mashariki zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1946 zina fedha robo tu. Asidi hula shaba iliyo juu, na uso unabaki mkavu, wenye vitundu vidogo.

Magadi na karatasi ya aluminiamu hung'arisha vijiko vya fedha, lakini riyali huachwa imefifia. Senti za aluminiamu za 1907 na 1908 huliwa na magadi yenyewe. Dawa ya meno, majivu na mchanga hukwaruza. Igeuze sarafu chini ya taa utaona mistari myembamba iliyofuatana. Mafuta ya nazi yakichacha hutoa asidi inayoacha ukijani kwenye shaba. Jiki huitia fedha weusi, na ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu.

Ikiwa ni vumbi na jasho la mikono tu, fanya hivi. Nunua maji safi yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, na usome kibandiko vizuri kwa sababu asidi ya betri huonekana vilevile. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayafai. Tandika kitambaa cha pamba ndani ya bakuli, mimina nusu lita, tia tone moja la sabuni ya vyombo, kisha loweka kwa nusu saa. Ishike sarafu kwa ukingo, uitikise majini, mswaki uache. Suuza mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Kausha kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, halafu iache saa moja penye feni.

Gundi au mafuta yakibaki, tumia asetoni safi ya duka la dawa kwenye bakuli la kioo kwa dakika tano, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali. Dawa ya kutolea rangi ya kucha huwa na manukato na mafuta, kwa hiyo haifai.

Uliyoiokota ufukweni au magofuni ni jambo jingine. Iliyotoka majini isikauke: iweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi. Popote ilipotoka, andika mahali ulipoipata na kina chake. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inavihesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na vitu vya aina hiyo vinavyogunduliwa vinapaswa kuripotiwa. Sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle (1403–1425) iliyopatikana kisiwani Manda ilithaminiwa pia kwa mahali ilipokuwa. Makumbusho yapo Lamu, na Malindi pia.

Zilizobaki nyumbani hifadhi kila moja katika bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Mifuko laini ya plastiki ya PVC usiitumie: huacha utelezi wa kijani.