Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia kwa Miguu Katika Mapori ya Marekani

Anayepanda Kilimanjaro hulazimika kuongozana na mwongoza watalii aliyesajiliwa, na pamoja nao huwapo wagumu, yaani wapagazi, waliobeba hema, vyakula na vyombo vya kupikia. Uamuzi wa kuendelea au kurudi, hasa usiku ule wa kuelekea kileleni kichwa kinapoanza kugonga, huwa mikononi mwa mtu anayeujua mlima kwa miaka. Katika mapori ya Marekani hali ni tofauti kabisa. Sheria ya Maeneo ya Pori, ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini tarehe 3 Septemba 1964, ilikusudia maeneo hayo yabaki bila barabara, bila magari, bila hoteli na hata bila baiskeli. Leo maeneo ya namna hiyo yamepita 800, na jumla yake ni takribani hekta milioni 45, yaani karibu nusu ya ukubwa wa Tanzania. Humo mtembeaji ndiye kiongozi, mpagazi, mpishi na mwamuzi wa safari yake mwenyewe.

Ndiyo maana naamini kwamba uhifadhi wa pori huanzia nyumbani, siku nyingi kabla ya kufunga begi. Aliyesahau jiko la gesi atavunja matawi ili apate kuni, asiyekuwa na ramani atakanyaga uoto mchanga akitafuta njia, asiye na mfuko wa taka ataziacha chini ya jiwe, na anayezidiwa kwa kukosa maji atawalazimu watu wengine kuhatarisha maisha yao ili kumtoa. Mengi ninayoyaeleza hapa yanamlinda mtu na pori kwa pamoja, na sioni namna ya kuyatenganisha.

La kwanza ni kujua ardhi unayokwenda iko chini ya nani. Maeneo ya pori husimamiwa na taasisi nne za serikali kuu, nazo ni zile zinazoshughulikia hifadhi za taifa, misitu, samaki na wanyamapori, na ardhi ya umma, na kila moja ina masharti yake. Mbwa hakubaliwi katika njia nyingi za hifadhi za taifa, ilhali katika misitu ya taifa mara nyingi huruhusiwa. Vilevile, msitu wa taifa unaopakana na hifadhi unaweza kuwa na wawindaji halali wenye bunduki, hasa kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka, na anayepita huko katika miezi hiyo hana budi kuvaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa. Ada za kuingilia nazo hubadilika, na asiye mkazi wa Marekani anaweza kutozwa zaidi ya mkazi, kwa hiyo tovuti rasmi ya eneo husika isomwe upya kabla ya kila safari, hata kama ulikwenda huko mwaka jana.

Kibali kinastahili kushughulikiwa mapema kuliko tiketi ya ndege. Mlima Whitney wa California, wenye kimo cha mita 4,421, ndio mrefu kuliko yote katika majimbo 48 yanayopakana, yaani bila Alaska na Hawaii, na njia yake kuu hupita katika eneo la pori lenye jina la John Muir, mtetezi wa mapori. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi tarehe 1 Novemba huruhusiwa watu 100 tu kwa siku wanaopanda na kurudi siku hiyohiyo, na 60 wanaolala njiani, na nafasi hizo hugawiwa kwanza kwa bahati nasibu inayofunguliwa mwezi Februari. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa kero. Mimi nauona kuwa ni wa haki, kwa sababu njia ni nyembamba, na mimea ya mwinuko ule hukua katika majira mafupi sana kiasi kwamba kilichokanyagwa leo hakiponi upesi. Anayekosa nafasi achague njia nyingine za Sierra Nevada, safu ya milima ulipo Whitney, ambazo ni nyingi na nzuri, badala ya kujipenyeza bila kibali.

Msomaji aliyekwisha kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, asije akaudharau Whitney kwa kimo chake. Kilimanjaro hupandwa kwa siku kadhaa, na mwili hupata muda wa kuzoea hewa nyepesi; lakini wengi wanaopanda Whitney huanza safari usiku wa manane kutoka mwinuko wa takribani mita 2,550, hufika kileleni na kurudi siku hiyohiyo, mwendo wa kilomita 35 wenye kupanda zaidi ya mita 1,800. Ni vyema kulala usiku mmoja au miwili mahali pa juu kabla ya kuanza. Kichwa kikiuma huku kichefuchefu kikizidi, au mtu akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, dawa ni kushuka mara moja, hata kama kilele kinaonekana. Isitoshe, radi za mchana wa kiangazi katika milima ile hazina mahali pa kuzikimbia ukiwa juu ya mwinuko ambao miti haioti tena. Saa ya kugeuka ipangwe na kuandikwa mkiwa bado nyumbani, nayo iheshimiwe na kila mmoja kundini.

Ramani za Marekani hupima kwa maili na futi, na utabiri wa hewa hutolewa kwa nyuzi za Farenhaiti, jambo ambalo limewaponza wageni wengi. Maili moja ni kilomita 1.6, futi 1,000 ni mita 305, na nyuzi 100 za Farenhaiti ni joto la takribani 38 za Selsiasi. Kwa kukadiria muda, hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za tambarare, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda; mtu asiyezoea, au mwenye watoto, aongeze tena zaidi ya hapo. Ramani ya karatasi na dira viwemo begini hata kama simu ina ramani, maana betri huisha haraka kwenye baridi na mtandao katika mapori haya haupatikani kwa urahisi.

Suala la maji linahitaji maelezo marefu, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Grand Canyon, korongo kubwa huko Arizona. Katika mlima wa kawaida mtu hupanda akiwa na nguvu na kushuka akiwa amechoka. Pale kinyume chake ndicho kweli: hushuka asubuhi bila taabu, kisha huanza kupanda jua likiwa utosini na miguu ikiwa imelegea. Ukingo wa kusini uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, nao mto Colorado uko chini ya hapo kwa zaidi ya mita 1,300, mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi mara kwa mara wakati watu walioko ukingoni wanaona hali ya hewa ni ya kupendeza. Askari wa hifadhi huonya kwamba mtu asijaribu kushuka hadi mtoni na kurudi kwa siku moja, na kwamba wakati wa kiangazi asiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Njia ya South Kaibab haina maji hata kidogo. Ile ya Bright Angel ina vituo vya maji, lakini bomba linalovilisha hupasuka mara kwa mara, kwa hiyo taarifa ya vituo isomwe asubuhi ya siku ya safari.

Katika joto kali mtu aliye mwendoni anaweza kuhitaji hadi lita moja kwa saa. Hata hivyo maji peke yake hayatoshi, na hili wengi hawalijui: anayekunywa maji mengi bila kula kitu chenye chumvi hupunguza chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari, na dalili zake hufanana na za mtu aliyeishiwa maji, hivyo wenzake humzidishia yaleyale yanayomdhuru. Karanga za chumvi na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zinazouzwa madukani ni sehemu ya vifaa vya lazima. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu, yachujwe kwa kichujio kinachofaa au yachemshwe kwa dakika moja, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000.

Baridi nayo huua, tena mahali ambapo mtu hakuitazamia. Mlima Washington, katika jimbo la New Hampshire, una mita 1,917 tu. Mji wa Limuru nchini Kenya uko juu kuliko kilele hicho. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo wa kilomita 372 kwa saa ulipimwa pale, na hata mwezi Julai mvua ya barafu inaweza kumkuta mtu aliyevaa fulana na kaptura. Nguo za pamba zikilowa huufyonza mwili joto lake, kwa hiyo zibaki nyumbani. Zibebwe za sufu au za nyuzi za viwandani, pamoja na koti lisilopitisha maji na tochi ya kichwani, hata kwa matembezi ya nusu siku. Katika majimbo ya kaskazini mashariki jikague mwili mzima jioni, kwa sababu kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme.

Kuhusu wanyama, umbali uliowekwa katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone ni kipimo kizuri: angalau mita 23 kutoka kwa nyati wa Marekani na kulungu wakubwa, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Nyati yule huonekana mpole akila majani kando ya njia, lakini hukimbia kwa kasi kuliko mwanadamu yeyote. Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu hupendekezwa Yellowstone na ni kosa kuwa nayo Yosemite, hifadhi ya taifa ya California, na huo ni ushahidi mwingine kwamba kanuni za eneo moja zisichukuliwe kuwa za mahali pote. Chakula, dawa ya meno, sabuni na hata karatasi tupu za peremende hufungiwa ndani ya kasha gumu ambalo dubu hawezi kulifungua, na katika sehemu nyingi za Sierra Nevada kasha hilo ni sharti la kisheria. Familia zetu hupenda kusafiri na kuku wa kukaanga, samaki wa moshi na pilau iliyokolea viungo, na hakuna ubaya, ila vyakula hivyo visiachwe garini Yosemite, ambako dubu wamezoea kuvunja magari; vitiwe katika makabati ya chuma yaliyowekwa maegeshoni. Tunapozembea, anayelipa ni mnyama, kwani dubu aliyezoea chakula cha binadamu mara nyingi huishia kuuawa.

Choo nacho kifikiriwe kabla. Pasipo choo, huchimbwa shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa hatua kama 70 kutoka kwenye maji, njia na kambi, na karatasi iliyotumika hurudishwa ndani ya mfuko. Mlima Whitney hauruhusu hata shimo: kinyesi chote hubebwa na mwenyewe hadi chini katika mifuko maalumu. Anayejisafisha kwa maji, au anayetawadha kwa ajili ya sala, ateke maji katika chombo na kwenda nayo umbali huohuo, maana sabuni na uchafu havipaswi kuingia kijitoni hata kidogo. Ndoo nyepesi ya kukunja inatosha kwa kazi hiyo.

Katika California kibali cha moto, kinachotolewa bure, huhitajika hata kwa jiko la gesi nje ya kambi rasmi, na nyakati za ukame moto wa kuni hupigwa marufuku kabisa. Ningemshauri kila mtu apange safari yake kana kwamba hakuna moto wa kuni. Pale unaporuhusiwa, kuni zipatikane karibu na kambi, kwa kuwa kuni zinazosafirishwa hubeba wadudu waharibifu wa misitu, na majivu yamwagiwe maji, yakorogwe na kumwagiwa tena hadi yaguswe kwa mkono yakiwa baridi.

Viatu vichaguliwe vinavyoweza kupita kwenye tope, kwa sababu kila anayelikwepa huipanua njia na kuua mimea ya pembeni. Katika jangwa la Utah udongo mweusi wenye vinundu ni tabaka la viumbe hai linaloshikilia mchanga, na alama ya kiatu kimoja inaweza kudumu miongo kadhaa. Mguu ukanyage mwamba au njia iliyokwisha kukanyagwa.

Tusome pia habari za wenyeji wa kwanza, kwa kuwa mapori haya hayakuwa matupu. Mahali panapoitwa Havasupai Gardens, kwenye njia ya Bright Angel, palikuwa makazi na mashamba ya Wahavasupai, na mkazi wao wa mwisho aliondolewa mwaka 1928. Jina la sasa lilirudisha heshima yao mwaka 2022. Vigae vya vyungu na vichwa vya mishale viachwe vilipo, na sheria ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kale katika ardhi ya serikali kuu.

Mwisho, mwachie mtu anayeaminika maandishi yenye jina la njia, mahali gari litakapoegeshwa na namba zake, rangi ya hema na makoti, dawa ambazo kila mmoja hutumia, na saa ambayo ikifika bila kusikia kwenu apige 911, namba ya dharura, na kuomba sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa kaunti husika. Katika kaunti nyingi wanaotoka usiku kutafuta watu ni wafanyakazi wa kujitolea, wenye kazi zao asubuhi. Ukishatoka porini, mpigie mtu huyo kabla hujatafuta chakula wala pa kulala.