Kuchora majahazi ya Lamu kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa impreshonisti (kunasa mwanga wa muda kwa mipigo ya haraka)

1. Turubai. Sentimita 30 kwa 40 zatosha. Ukichukua kubwa zaidi, jua litakuwa limehama kabla hujaifunika. Siku mbili kabla, ipake siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu), nyepesi, iliyochanganywa na tapentaini.

2. Rangi. Nyeupe, njano ya kadmiamu, nyekundu ya alizarini, siena iliyochomwa, buluu ya kobalti na ya ultramarini. Nyeusi iache nyumbani: ultramarini na siena hutoa weusi ulio hai zaidi. Brashi ziwe bapa, za nywele ngumu, namba 6 na 10. Ukibeba nyembamba utajikuta unachora kila kamba.

3. Vyombo kwanza. Keti gatini alfajiri, uelekee kisiwa cha Manda. Maji yakigeuka, vyombo vilivyotia nanga hugeuka nayo. Jahazi lililokupa ubavu litakupa tezi, yaani nyuma yake. Basi weka mara moja mlingoti, foromali (boriti ya tanga) na mstari wa omo (mbele ya chombo). Mikoko ya ng'ambo ni ukanda mmoja wa buluu ya kijivu, si kijani.

4. Maji. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Watu huchanganya kivuli na taswira, yaani sura ya chombo inayoonekana majini. Kivuli hufuata jua. Taswira hushuka wima chini ya chombo, jua liwe popote. Mlingoti ukiinamia kulia, taswira yake nayo huinamia kulia. Ubavu mweusi wa jahazi, ukiwa majini, huwa mwepesi kidogo. Tanga jeupe huwa zito kidogo. Ukivipaka sawa na vya juu, chombo kitaonekana kinaelea hewani. Upepo ukitia viwimbi, taswira hurefuka kukujia na kukatika vipande: iweke kwa mipigo ya kulala, ukiacha siena ya chini ichungulie katikati. Kila mpigo uweke mara moja, ufute brashi kwa kitambaa, ndipo uchote tena. Ukirudia mara tatu juu ya rangi mbichi, rangi zote hugeuka tope. Hilo halirekebishiki kwa kuongeza rangi. Likwangue kwa kisu, uanze upya.

5. Jua. Usilipake jeupe. Claude Monet, mchoraji Mfaransa wa mtindo huu, alipochora bandari ya Le Havre, Ufaransa, mwaka 1872, jua lake la chungwa lina mwangaza karibu sawa na wa anga. Ukiiona picha hiyo bila rangi, jua karibu linatoweka. Ipige picha yako kwa simu, nyeusi na nyeupe, ulinganishe.

6. Matambara yenye mafuta ya kitani, yaliyomo katika rangi hizi, usiyarundike. Hupata joto, yakawaka yenyewe. Yaloweke majini.