Jirekodi kabla hujalala

Nimemaliza marathoni yangu ya kwanza, kilomita 42.195, na hili limenifaa kuliko medali: jioni ileile, chukua simu ujirekodi ukisimulia mbio kilomita tano tano. Maji ulikunywa wapi, misuli ilianza kukaza wapi, wapi ulitaka kuacha. Sema tu, usiandike. Ukiandika utaanza kupamba. Maumivu husahaulika upesi mno. Asubuhi yake mimi nilibaki na furaha ya kumaliza, rekodi ndiyo iliyonikumbusha kwamba kilomita kumi za mwanzo nilizikimbia kwa pupa, na nikazilipia kuanzia ya thelathini. Ila rekodi hiyo haisaidii kuamua kama utakimbia tena. Usiku huo mwili bado unalalamika, kwa hiyo swali hilo liache hadi miguu ipone.