Kabati la gemu la nyumbani: ugeuze la zamani au uunde jipya?

Hapa ni kabati la mashine ya gemu ya kusimama, yenye skrini na vitufe, ambalo ndani yake unaweka kompyuta ya kuchezesha gemu. Kabati la zamani hukaguliwa kuanzia chini. Chipubodi na MDF (mbao za unga uliogandamizwa) zikishanyonya maji ya deki huvimba, hazirudi tena, na skrubu haishiki. Ukikuta uvimbe umepanda ukutani au njia za mchwa, achana nalo. Na mashine ambayo bado inawaka na bodi yake ya asili usiichinje; maganda matupu yapo.

Ganda likiwa zima, tazama plagi ya bodi. Yenye nafasi 56, yaani 28 kila upande, mara nyingi ni JAMMA, mpangilio wa pamoja wa nyaya za mashine za gemu ulioanza mwaka 1985. Hapo umepona kazi kubwa: bodi ya kuunganisha kabati na kompyuta, kama J-PAC, huchomekwa pale pale, nayo nyaya, vitufe na skrini vinabaki vilivyo. Hakikisha upande kwanza, maana plagi ikiingia kinyume umeme hupita njia isiyo yake na bodi inaweza kuungua.

Skrini ndiyo yenye matatizo. Nyingi za chogo katika makabati haya hupokea mawimbi ya 15 kHz, wakati kompyuta kwa kawaida hutoa 31 kHz au zaidi. Picha itapasuka, na ukiiacha hivyo muda mrefu unaweza kuiharibu skrini. Bomba lake huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo kulishika ni kazi ya fundi wa TV. Kabati lililotoka Marekani hutumia volti 120: soma kibandiko kabla ya kulichomeka kwenye umeme wetu wa 230 hadi 240, na uweke transfoma ya kushusha.

Kuunda jipya kunafaa zaidi pale unapotaka vipimo vyako. Anza kwa kupima mlango wa chumba. Plaiwudi mbili za mm 18, futi 4 kwa 8, zinatosha kabati la kusimama. Bana mbao mbili za ubavuni pamoja uzikate kwa mpigo mmoja, la sivyo kabati litapinda na skrini haitakaa sawa. Paneli ya vitufe iwe sm 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Kama utaweka ukanda wa plastiki kwenye kingo, chonga mfereji wake kabla ya kuunganisha. Baadaye ruta (mashine ya kuchonga mbao) haifiki konani.

Matundu ya vitufe vya Kijapani ni mm 30, ya Kimarekani mm 28. Weka kipande cha mbao chakavu chini ya paneli unapotoboa, plaiwudi isichanike.

Ndani, Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RetroPie, programu ya kuchezesha gemu za zamani, inatosha gemu nyingi. Ipe pawa saplai ya volti 5, ampea 3. Chaja ya simu huleta alama ya radi pembeni mwa skrini na gemu kukwama katikati. Kila mchezaji apate bodi yake ya USB ya vitufe. Swichi ndogo za vitufe zenye miguu mitatu huunganishwa COM (mguu wa pamoja) na NO (mguu unaoungana ukibonyeza tu). Kitufe kinachojibonyeza chenyewe tangu kuwasha, karibu kila mara waya umewekwa NC, mguu ulioungana muda wote usipobonyeza.